Mama Kapi Alivyoinuka Katikati ya Mtihani

Shangazi yangu si mtu wa kuogopa ovyo. Nimemwona akibeba chupa ya asidi kifuani kama anayebeba kichanga, akipita nayo katikati ya wanafunzi wanaosukumana, huku akiwaambia, "Pisheni jamani, nina mgeni mkali." Nyoka aliyeingia stoo ya maabara alimtoa mwenyewe kwa koleo, na walimu wawili wa kiume wakiwa wamesimama juu ya meza. Lakini mpe karatasi ya maswali, mwambie akae chini na aanze, utaona uso wake unavyogeuka rangi ya majivu.

Ni mhudumu wa maabara katika shule ya sekondari. Wanafunzi wanamwita Mama Kapi, kwa sababu ya yale magurudumu madogo yenye mfereji wa kupitishia uzi. Somo likiisha, hamruhusu mtu kutoka mpaka kila kapi liwe limerudi kwenye sanduku lake. Jina lilianza kama utani wa darasa moja. Leo hata mkuu wa shule analitumia, na mgeni akimuulizia kwa jina alilopewa na wazazi wake, mlinzi wa getini humjibu kwamba hapo hakuna mtu kama huyo.

Mwaka ule ukaja waraka kutoka juu. Ulisema kila anayefanya kazi ndani ya maabara awe na cheti cha kumaliza sekondari, na asiyekuwa nacho aondolewe mwaka ukiisha. Sina ugomvi na elimu. Nina ugomvi na watu wanaokaa kwenye ofisi yenye pazia zito, ambao hawajawahi kuosha hata kikombe chao cha chai, kisha wanaamua kwa mstari mmoja nani anafaa kuosha vyombo vya maabara. Hawakumuuliza mhudumu hata mmoja. Wangeuliza, wangeambiwa kwamba Shangazi aliacha masomo si kwa uvivu, bali kwa sababu shule yao ilifungwa na iliyofuata ilikuwa mbali kuliko uwezo wa babu.

Basi akajiandikisha tena kama mtahiniwa wa kujitegemea. Masomo mengine alikuwa ameshayamaliza miaka ya nyuma, moja moja, kama mtu anayepanda ngazi yenye vidato vilivyooza. Yakabaki mawili aliyokuwa akiyakimbia, fizikia na historia, na ratiba ikayaweka siku moja. Historia asubuhi, fizikia ya vitendo mchana. Akipata yote mawili, anabaki maabara. Akikosa moja, mwaka mpya ungemkuta na ufagio kwenye uwanja wa shule, akiwaangalia wengine kupitia dirishani.

Nilikuwa nakaa kwake wakati huo, ndiyo maana kazi ya kumsomesha ikaniangukia. Kila jioni alirudi kutoka kazini, akavua viatu, akaketi mezani kama mtu aliyeitwa polisi. Nilipomuuliza sheria ya pili ya mwendo alinijibu vizuri kabisa akiwa amesimama anaosha sahani. Akikaa tu, ilipotea.

"Iko hapa," alisema akijigonga paji la uso. "Naiona. Lakini imeniwekea mgongo."

Nikaona kitabu peke yake hakitatufikisha. Nikampeleka chumbani.

"Sukuma kabati, Shangazi."

"Lina nguo zote humo, na mablanketi."

"Ndiyo maana nataka ulisukume."

Akaegemeza mabega, akasukuma. Kabati halikufanya hata mlio.

"Kani ipo?"

"Ipo. Mgongo umeshanipa taarifa."

"Na mchapuko, ile kasi inayobadilika?"

"Haupo. Halijatikisika."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kabati hili lina kiburi. Nimelirithi kwa bibi yako."

Nilimweleza kwamba kiburi hicho kinaitwa msuguano. Sakafu nayo inasukuma, upande wa pili, sawasawa na yeye. Kani mbili zinazolingana na kupingana hazibadilishi kitu. Halafu nikaegemea naye, tukasukuma wote wawili. Kabati likapiga yowe, likaondoka, na kwa kuwa hatukutegemea lingeondoka kweli, tulijikuta magotini.

"Sasa huo ndio mchapuko," nikasema.

"Hiyo ni hasara ya vigae, baba. Rudisha kabati la watu."

Ananiita baba kwa sababu nina jina la babu, na hulitamka hivyo hasa anapotaka kunigombeza.

Historia niliiingiza kupitia mlango huohuo. Mada iliyomtisha kuliko zote ilikuwa mageuzi ya bunge la Uingereza, kwa sababu ya tarehe. Nikamwambia asahau tarehe kwanza, alichukulie bunge lile kama kabati. Limekaa pale mamia ya miaka. Miji mipya ya viwanda imejaa watu, mingine haina mbunge hata mmoja. Na kuna mahali palipobaki magofu na malisho, hapana mtu anayeishi, lakini pana wabunge wawili.

"Wabunge wa nani sasa?"

"Wa mwenye ardhi. Pale magofuni walikuwapo kondoo tu."

"Kondoo wana wabunge wawili, na watu wa kiwandani hawana?"

"Ndiyo."

"Hao kondoo walisoma," alisema, akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha kicheko kikakatika ghafla, macho yakarudi kwenye kitabu. "Nikicheka nasahau. Usinichekeshe."

Tukaendelea. Mkutano wa wananchi waliokusanyika uwanjani kudai kura, wakaingiliwa na wapanda farasi wenye mapanga. Sheria ya mwaka 1832 iliyowafungulia mlango watu wenye mali ya wastani na kuwafungia vibarua. Sheria zilizofuata, kila moja ikiusogeza mlango kidogo, kana kwamba waliokuwa ndani walikuwa wanalipia hewa. Wanawake wakingojea mpaka karne iliyofuata. Hapo nilikuwa napandisha sauti, na Shangazi aliniambia majirani hawajajiandikisha kufanya mtihani.

Sehemu moja aliirudia yeye mwenyewe. Ilikuwa inahusu kura ya siri, iliyokuja mwaka 1872.

"Kabla ya hapo walipigaje?"

"Mtu alipanda jukwaani, akasema kwa sauti anamchagua nani. Mwenye shamba lake yuko chini anasikiliza."

"Akitaja asiyetakiwa?"

"Kesho anahama, yeye na watoto na masufuria."

Alichukua kitambaa akafuta meza iliyokuwa safi.

"Basi hiyo haikuwa kura," alisema. "Hiyo ilikuwa kuitwa majina."

Wiki ya mtihani ilipofika, mkuu wa shule alimwita ofisini na kumtaka funguo za maabara. Sheria ni sheria. Mtahiniwa hawezi kuandaa chumba atakachofanyia mtihani wake mwenyewe, na mhudumu kutoka shule nyingine angekuja kuandaa. Hilo nalikubali, ni haki. Lakini Shangazi alirudi nyumbani siku hiyo akiwa amekunja mkono kana kwamba funguo bado zimo.

"Kijana mwenyewe nimemwona," alisema. "Anafunga uzi kama anafunga kamba za viatu. Na kapi la meza ya dirishani lina ufa pembeni, asipolielekeza vizuri uzi unaruka. Nimetaka kumwambia, mkuu wa shule akasema nisimsogelee."

"Si kosa lako, Shangazi."

"Najua si kosa langu. Naogopa tu."

Siku yenyewe hakunywa chai. Alivaa gauni la kijivu, akalivua, akavaa la bluu, akalivua, akarudi kwenye la kijivu. Mlangoni aliniuliza fomula, nikamwambia, akaniuliza tena.

Yaliyotokea huko nimeyapata kwake mwenyewe, na mengine kwa msichana mmoja ambaye wenzake wanamwita Pensili kwa wembamba wake. Huyo alikuwa amekaa meza ya dirishani.

Historia ilipita. Swali la bunge lilikuwapo, na aliandika mpaka vidole vikafa ganzi. Tarehe moja aliikosea na aliijua palepale nje ya mlango, lakini alipiga moyo konde. Mchana wakaingizwa maabara.

Fikiria kuingia nyumbani kwako na kuambiwa usiguse kitu. Ndoo ya mchanga ilikuwa upande usio wake. Vitambaa vilikuwa vimekunjwa vibaya. Alikaa kwenye stuli aliyoikaza misumari kwa mikono yake, na mbele yake ukawekwa ubao laini, kigari cha magurudumu manne, uzi, kapi ukingoni mwa meza, vipande vya chuma vya kuning'iniza, na saa ya kubonyeza. Walitakiwa wakivute kigari kwa uzito uleule, wakikiongezea mzigo kila mara, na waoneshe kwamba kani isipobadilika, tungamo likiongezeka mchapuko unapungua. Kwa miaka mingi alikuwa akiwapangia wengine jaribio hilo na kukaa pembeni.

Msimamizi alitoka mbali. Alikuwa mwanamume mrefu, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu, na kila alipopita kati ya meza viatu vyake vililia. Alikuwa ametangaza mwanzoni, "Anayeinuka kitini bila ruhusa, karatasi yake nachukua. Anayesema na mwenzake, zote mbili nachukua. Mkinipa mashaka, chumba kizima nakiandikia ripoti." Chumba kizima! Vijana waliosoma kwa mishumaa, na mtu mmoja anawashikia shingo kwa sentensi.

Shangazi alifanya kipimo cha kwanza. Kipimo cha pili. Ndipo aliposikia sauti aliyoijua kuliko sauti ya mlango wake. Uzi ulikuwa umeruka kutoka kwenye mfereji wa kapi na kubanwa kati ya gurudumu na fremu.

Ilikuwa meza ya dirishani. Pensili alikuwa anavuta. Kila alipovuta, uzi ulizidi kukaza, kapi likaanza kupinda, na mzigo ukaning'inia juu ya vidole vyake vya miguu. Alinyanyua mkono kuita msaada, lakini msimamizi alikuwa upande wa pili amewapa mgongo. Msichana akaanza kulia kimyakimya, ule mlio wa pua.

Hapa ndipo nimembana Shangazi mara nyingi. Nimemuuliza alifikiri nini. Ananiambia hakufikiri. Aliposikia kapi linalia, miguu ilikuwa tayari imesimama. Miaka yote chumba kile kilimfundisha jambo moja: kitu kikikwama, wewe ndiye unayekwenda. Akakivuka kijia kati ya meza, akashika mzigo kwa mkono wa kushoto, akasema, "Legeza," na kwa ukucha wa mkono wa kulia akauchokonoa uzi, ukarudi mferejini.

Aligeuka arudi kwake. Hapo akamwona msimamizi.

"Nilihisi sakafu imeondoka," aliniambia. "Nilikuwa nimesimama katikati ya chumba, baba. Katikati kabisa. Mkononi nina uchafu wa uzi wa mtu mwingine."

Msimamizi hakupaza sauti. Alichukua karatasi ya Shangazi, akaiweka kwenye bahasha ya kaki. Akachukua ya Pensili. Akamwonesha Shangazi stuli ya nyuma kabisa, karibu na sinki, na kumwambia akae hapo uso ukutani. Pensili akakalishwa kona ya pili. Wengine waliendelea, na kwa muda wote uliobaki Shangazi alisikia vigari vya watu wengine vikiteleza kwenye mbao, kimoja baada ya kingine, na yeye anatazama rangi ya ukuta.

Alijua kinachofuata. Udanganyifu haumaanishi kufeli tu. Unamaanisha kufungiwa mitihani, na mfanyakazi wa shule aliyeshiriki udanganyifu anafukuzwa kazi, si maabara tu bali hata uwanjani na ufagio. Kijasho chembamba kilimtoka, kikashuka mgongoni, naye hakuthubutu kujifuta asije akaonekana anatoa ishara.

Muda ulipoisha, karatasi zilikusanywa, lakini mlango haukufunguliwa. Msimamizi alimwita mkuu wa shule, akasimama mbele ya ubao.

"Mtahiniwa huyu aliinuka, akaenda meza ya mwenzake na kusema naye. Nataka kujua alisema nini. Aliyesikia asimame aseme."

Hakuna aliyesimama.

"Nitaandika jina la atakayesema, atakuwa shahidi. Karatasi yake itawekwa kando mpaka shauri liishe."

Sasa niambieni, nani angesimama? Ni sawa na kumwambia mtu aruke shimo kisha ukampanulia shimo miguuni. Vijana walitazama meza. Mkuu wa shule alitazama viatu vyake, na simsamehi kwa hilo, ingawa Shangazi amemsamehe. Ndipo sauti moja ikatoka mbele. Ilikuwa ya kijana wanayemwita Waziri kwa sababu ya kupenda kwake tai.

"Alimwambia jibu! Mwalimu, alimwambia jibu, sisi wengine hatukuhusika! Msitufutie wote!"

"Ulisikia jibu gani?"

"Jibu tu. Sijui. Lakini alisema kitu!"

"We Waziri, acha uongo!" Pensili alilia kutoka konani.

"Kimya! Wewe ni mtuhumiwa."

Shangazi anasema hapo ndipo akakumbuka alichoandika asubuhi. Aliwaona wale wakulima wamepanda jukwaani, kofia mkononi, mwenye shamba chini yao. Akanyanyua mkono, kidole kimoja juu, kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Nini?" msimamizi aliuliza.

"Mwalimu, ukiuliza hivyo hutapata kitu."

"Unanifundisha kazi yangu, mama?"

"Hapana, baba. Nitakufundishaje? Naogopa tu, na hawa watoto wanaogopa kuliko mimi. Anayeogopa anasema lile litakalomtoa mlangoni haraka." Akaonesha kando ya sinki. "Wape vikaratasi. Kila mtu aandike neno alilolisikia, basi. Bila jina. Wakunje, watie kwenye karai lile la kuoshea vyombo. Wakiandika nilimpa jibu, niandikie ripoti."

"Umejiandaa kwa lolote litakalotoka?"

"Sijajiandaa. Magoti yamenikataa, ndiyo maana sisimami."

Mtu mmoja nyuma akacheka, cheko fupi la woga, na Shangazi anasema cheko lile lilimpa pumzi.

Msimamizi alilitazama karai. Nadhani naye alikuwa anaogopa. Ripoti ya kumfichia mtu makosa ingemtoa kazini, na ripoti ya kumwonea ingemfuata usingizini. Watu wa namna yake wanaogopeshwa na walio juu, kisha wanaugawa woga huo kwa walio chini, na huo ndio utawala tunaourithishana. Lakini siku ile mtu huyu alifanya tofauti. Alichukua karatasi tupu, akaichana vipande, akagawa pamoja na penseli za aina moja.

"Herufi kubwa," alisema. "Na mgeukie ukuta."

Wakageukia ukuta, wote. Mkuu wa shule mwenyewe akageuka, ingawa hakuambiwa. Kilisikika kikwaruzo cha penseli, halafu vikaratasi vikidondoka kwenye plastiki.

Msimamizi alifungua kimoja kimoja, akasoma kwa sauti isiyo na rangi.

"Sikusikia."

"Legeza."

"Legeza uzi."

"Sikusikia, nilikuwa nahesabu."

"Legeza."

"Alisema legeza, na yule alikuwa analia."

"Alimpa jibu."

Hapo Shangazi alifumba macho.

"Legeza." Kingine. "Legeza." Kingine tena kilikuwa kitupu. Na cha mwisho kilisema, "Mimi niliyesema jibu sikusikia jibu. Niliogopa."

Hakuna aliyegeuka kumtazama Waziri, na Waziri alikuwa ameinamisha kichwa mpaka tai imegusa meza.

Msimamizi alichukua karatasi ya maswali, akaipitia kuanzia juu mpaka chini, akaigeuza. Kisha akaenda meza ya dirishani, akalishika lile kapi, akapitisha kidole kwenye ufa.

"Mama, 'legeza' ni jibu la swali la ngapi?"

"Hakuna, Mwalimu. Ni neno la uzi."

"Lakini uliinuka."

"Niliinuka."

"Bila ruhusa."

"Bila ruhusa. Siwezi kukudanganya, chumba kizima kimeniona."

Alirudi mbele, akafungua bahasha ya kaki. Akampa Pensili karatasi yake, na Shangazi ya kwake.

"Mtahiniwa aliyepewa kifaa kibovu anastahili kurudishiwa muda alioupoteza. Huyu binti nampa. Wewe kifaa chako kilikuwa kizima." Akatazama stuli ya karibu na sinki. "Muda niliokukalisha ukutani nakurudishia, kwa sababu ulikuwa unangoja uchunguzi wangu. Lakini kuinuka kwako nitakuandika, na vikaratasi hivi nitaviambatisha. Watakaoamua wako huko baraza la mitihani."

"Nikimaliza, itasahihishwa?"

"Sijui. Huenda wakaifuta bila kuisoma."

Wengine walitolewa nje. Wakabaki watu watatu na viatu vinavyolia. Shangazi anasema huo ndio ulikuwa wakati mbaya kuliko yote, mbaya kuliko kutazama ukuta, kwa sababu ukutani hakuwa na la kufanya. Sasa alitakiwa kufanya kwa usahihi kazi ambayo huenda isingesomwa na mtu. Kigari kilimponyoka mara ya kwanza, kikaanguka, gurudumu likabingirika mpaka miguuni kwa msimamizi. Akaliokota, akalirudisha. Shangazi akalipachika. Akaongeza mzigo. Akaachia. Akabonyeza saa. Akaandika. Aliposhindwa kukaa, aliomba ruhusa afanye akiwa amesimama, na kanuni haikukataza.

Akapata namba zake. Hazikuwa nzuri sana, lakini zilishuka kama zinavyotakiwa kushuka. Grafu yake ilipinda mahali palipotakiwa kunyooka, akaandika chini yake kwamba ni msuguano, kwa sababu ulikuwa msuguano kweli.

Alirudi nyumbani jua limeshaanza kulegea. Nilimwona mlangoni, nikajua kuna jambo. Hakuingia. Alikaa kwenye ngazi na kiatu kimoja mkononi, akanisimulia yote kwa sauti ndogo. Nilipandwa na hasira, nikataka kwenda shuleni, wizarani, kokote.

"Kaa chini," aliniambia. "Ukienda kupiga kelele watasema familia nzima ni ya fujo. Tusubiri."

Kusubiri kulikuwa kurefu. Funguo hakurudishiwa. Alifagia uwanja, akapanga madawati, akawa anapita mbele ya maabara akiangalia upande mwingine. Simu ikilia alishtuka mpaka anamwaga maji. Alikonda. Pensili alikuja kumsalimia mara kwa mara, "Shikamoo Mama Kapi," naye akamwitikia na kumuuliza kama wamemwandikia chochote, na kila mara jibu lilikuwa hapana, wakabaki wamekaa pamoja, wanawake wawili wanaongojea watu wasiowajua wafungue bahasha.

Matokeo yalipotoka nilimsomea mimi, yeye akiwa amesimama jikoni na mgongo kwangu. Historia alifaulu vizuri. Fizikia alifaulu pia, kwa daraja la chini kabisa linalohesabika kufaulu, na pembeni paliandikwa kwamba ameonywa kwa kuondoka kitini.

"Rudia."

Nikarudia.

"Hawakufuta?"

"Hawakufuta, Shangazi. Wamekuonya tu."

Hakupiga kigelegele. Alishika ukingo wa sinki kwa mikono miwili, mabega yakaanza kumtikisika, na mimi nikabaki pale na simu yangu, sijui nimshike au nimwache. Baadaye alijifuta uso kwa upindo wa kanga, akaniambia nitoke jikoni niache kumkodolea macho.

Asubuhi yake alikwenda kuchukua funguo. Mkuu wa shule alimkabidhi, akampa mkono, akaanza hotuba ya pongezi, akasema shule inajivunia. Shangazi alimsikiliza kwa heshima mpaka mwisho, mikono nyuma, kisha akamwomba kitu kimoja: kapi la meza ya dirishani litupwe leo, na jipya liagizwe kabla darasa linalofuata halijaingia. Mkuu wa shule akasema bajeti, akasema tutaona.

"Mimi niliogopa vya kutosha kwa ajili ya kile kidude, Mwalimu," alimjibu. "Sasa wewe ndiye uogope kidogo."

Akafungua maabara.